Kwa nini tunalipima kundi zima kwa watu wake wakali kuliko wote?

Kipimajoto #1
Wakuu, habari za jioni.

Naleta hoja, mwenye nyundo aje nayo. Tanzania anayeitetea CCM kwa mstari mmoja tu ameshaitwa chawa au buku saba, yaani wa kulipwa shilingi elfu saba. Anayeiunga mkono CHADEMA ni nyumbu. Vuka Namanga: ukisema ulimpigia Ruto mwaka 2022 unatiwa kapu moja na aliyeandika matusi mabaya kuliko yote usiku wa matokeo, na ukisema ulimpigia Raila ni yaleyale. Hakuna anayemuuliza mwenzake anataka nini kuhusu kodi, ardhi au mbolea. Mtu anabebeshwa maneno ya mwingine asiyemjua, kwa sababu tu wamevaa rangi moja.

Dai langu: mpasuko tulionao vichwani ni mkubwa kuliko uliopo mtaani, na chanzo ni namna tunavyowahesabu watu wa upande wa pili. Mwaka 2019 taasisi ya More in Common ilichapisha utafiti uliowahoji Wamarekani zaidi ya 2,000. Wademokrati na Warepublikani wote walikisia kwamba asilimia 55 hivi ya wapinzani wao wana misimamo mikali. Walipohesabiwa wenyewe, wakawa kama 30. Kinachouma zaidi: waliokuwa wakifuatilia habari karibu muda wote walikosea karibu mara tatu kuliko wanaozifuatilia mara mojamoja.

Nini kinasababisha? Naomba data, siyo vijembe.

Pweza Mkavu #2
Nakaa hapa na kahawa yangu. Lakini kabla hatujaenda mbali: 55 na 30 ya nini? "Msimamo mkali" ulipimwaje?

Kipimajoto #3
Swali zuri. Walichukua kauli, wakamuuliza kila mtu kama anaikubali. Kisha wakamuuliza: wapinzani wako wangapi wataikubali? Mfano, kauli kwamba uhamiaji ukidhibitiwa vizuri unaweza kuifaa Marekani. Wademokrati walidhani karibu nusu tu ya Warepublikani wangeikubali; walioikubali walizidi 8 kati ya 10. Upande wa pili, Warepublikani walidhani nusu ya Wademokrati wanaamini polisi wengi ni watu wabaya. Wademokrati zaidi ya 8 kati ya 10 waliikataa kauli hiyo.

Fundi Takwimu #4
Nakazia. Watafiti Ahler na Sood walichapisha utafiti mwaka 2018 ambao haukugusa maoni kabisa, ulihusu watu ni akina nani. Warepublikani wangapi wana kipato cha zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka? Wastani wa makisio: asilimia 38. Ukweli: kama 2. Wademokrati wangapi ni wanachama wa vyama vya wafanyakazi? Makisio karibu 4 kati ya 10, ukweli kama 1 kati ya 10. Na watu walikosea hata kuhusu chama chao wenyewe, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa hiyo chuki peke yake haitoshi kueleza jambo hili.

Sasa hesabu ambayo haimhitaji mtu mbaya yeyote. Chukua kundi la watu 2,000,000. Tuseme asilimia 1 ni wakali, yaani 20,000, na kila mmoja anaandika mara 10 kwa siku: machapisho 200,000. Waliobaki ni 1,980,000, na kila mmoja anaandika mara moja kila siku 20: machapisho 99,000. Jumla 299,000. Ukichota chapisho moja bila kuchagua, kuna uwezekano wa theluthi mbili kwamba limetoka kwa ile asilimia 1. Umesoma mia moja, umekutana na wakali 67, na unaondoka ukiapa kwamba umewaona kwa macho yako. Ulichokiona ni machapisho. Watu hukuwaona.

Mzee wa Gazeti #5
Hii inaendana na kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani, 2019: asilimia 10 ya Wamarekani ndio walioandika asilimia 80 ya kila kitu Twitter.

Fundi Takwimu #6
Mzee wangu, shikamoo, hapo pana marekebisho. Ni asilimia 10 ya watumiaji wa Twitter. Wakati ule watumiaji walikuwa kama asilimia 22 ya watu wazima wa Marekani. Zidisha: 22 mara 0.1 ni 2.2. Kwa hiyo takriban watu wazima 2 katika kila 100 ndio walioandika asilimia 80. Mtumiaji wa katikati aliandika mara 2 kwa mwezi, na katika ile asilimia 10 ya juu yule wa katikati aliandika mara 138.

Mzee wa Gazeti #7
Marahaba. Basi hoja yangu imepata nguvu zaidi.

Dada wa Mikrofoni #8
Mnazungumzia wanaoandika. Mmesahau wanaosambaza. Rathje na wenzake, 2021, walichambua machapisho milioni 2.7 ya vyombo vya habari na wabunge wa Marekani, Facebook na Twitter. Kila neno lililowataja wapinzani liliongeza uwezekano wa chapisho kusambazwa kwa asilimia 67. Halikushinda neno linalosifu chama chako. Lilishinda lile linalomtaja adui.

Fikiria maana yake kwa chumba cha habari. Mkutano wa hadhara una saa tatu. Mgombea ameongea dakika 40 kuhusu bei ya mahindi, diwani mmoja ameropoka sekunde 15 kuhusu kabila fulani. Klipu itakayokatwa ni ya sekunde 15. Mhariri anaona namba za watazamaji kwenye skrini, na kesho yake anamtuma mwandishi kwa diwani yuleyule. Wiki ya tatu diwani ameshakuwa "sauti ya wananchi wa eneo hilo". Hakuna aliyemchagua kwa kazi hiyo.

Mtaa wa Kiambu #9
Wadau, mimi naona mnateleza. Hizi hesabu zenu zinawafariji watu wasiofaa kufarijiwa.

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu zile, iliandika vifo 1,133. Walioshika panga na viberiti walikuwa sehemu ndogo sana ya kila jamii. Lakini aliyekuwa ndani ya nyumba Eldoret au Naivasha alifanya nini na habari kwamba wakali ni asilimia 1? Kama kijiji kina watu 3,000, asilimia 1 ni watu 30. Watu 30 wanatosha kuchoma nyumba zote kwenye barabara moja. Kumpima jirani kwa watu wake wakali, katika hali kama hiyo, ni tahadhari yenye akili. Siyo kosa la hesabu.

Kipimajoto #10
Kiambu, hiyo ni hoja nzito, lakini umeunganisha maswali mawili. "Je, nihame usiku huu?" linataka kujua kama wakali wapo na kama wamejipanga. "Je, hawa watu ni wa aina gani?" linataka uwiano. La kwanza watu 30 wanatosha kulijibu. La pili hawatoshi. Shida yetu ni kwamba jibu la la kwanza linabebwa hadi la pili, na linabaki huko miaka kumi baada ya moto kuzimika.

Mtaa wa Kiambu #11
Na wale 2,970 waliokaa kimya? Kimya chao hakihesabiki?

Pweza Mkavu #12
Hapo ndipo uzi umeanza rasmi. Naagiza kahawa ya pili.

Bi Mosi wa Chake #13
Assalaam aleikum. Nyote mnaongea kama vile vurugu ni tabia ya watu, wakati Zanzibar tuna ushahidi wa kupima jambo hili kwa kura khasa.

Mwaka 1995 Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif wa CUF. Baada ya hapo: muafaka wa CCM na CUF wa 1999, mauaji ya Januari 2001, muafaka wa pili Oktoba 2001. Ukisikiliza maneno ya maskani (vijiwe) za CCM na mabaraza ya CUF ya miaka ile, ungesema watu hawa hawawezi kukaa meza moja. Mpemba alikuwa Mwarabu anayetaka kurudisha sultani, na mtu wa maskani alikuwa kibaraka wa Bara. Kila upande ulikuwa na watu waliosema hivyo kweli, kwa vipaza sauti na kwa chaki ubaoni.

Kisha Novemba 2009 Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif wakakutana, na tarehe 31 Julai 2010 watu wakaulizwa kwa kura ya maoni: mnataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa? Asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Theluthi mbili! Miezi mitatu baadaye uchaguzi ukatoka 50.1 kwa 49.1, yaani watu hawakubadili vyama vyao hata kidogo. Walibaki CCM na CUF, ila walikubali kutawala pamoja. Mpasuko wa vyama ulikuwepo, chuki iliyodaiwa kuwa ya wote haikuwepo.

Mkokotoni Data #14
Bi Mosi, nakuheshimu sana, lakini kuna maelezo mengine ya 66.4. Viongozi wakuu wa vyama vyote viwili walisimama na kusema "ndiyo". Wafuasi wakawafuata. Kama wangesema "hapana" siku ileile kwa watu walewale, ungepata namba nyingine. Kwa hiyo kura ile imepima utii kwa viongozi. Mioyo haikupimwa.

Na asilimia 33.6 walikataa ingawa viongozi walisema ndiyo. Hao si wachache.

Bi Mosi wa Chake #15
Ndugu yangu, hiyo inanisaidia mimi. Kama watu wanaweza kufuata viongozi kuelekea umoja kwa haraka namna ile, basi ule ukali haukuwa umeota mizizi mioyoni mwao.

Tena tazama kilichofuata: tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi ukafutwa, tarehe 20 Machi 2016 ukarudiwa na CUF ikasusia. Wananchi hawakugeuka kati ya Oktoba na Machi. Taasisi ndiyo iliyogeuka, na lugha ya chuki ikarudi nyuma yake.

Dada wa Mikrofoni #16
Kwa hiyo maelezo tuliyonayo: (a) hesabu ya nani anaandika, (b) soko la usambazaji, (c) viongozi, (d) kanuni za uchaguzi. Kuna la tano?

Mwalimu wa Mtawanyiko #17
Lipo, na kwa maoni yangu ndilo linalodanganya hata watu waangalifu.

Chukua makundi mawili, A na B. Pima ukali wa kila mtu. Tuseme wastani wa B umezidi wa A kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi watu wanavyotawanyika kutoka wastani) 0.3 tu, na mtawanyiko ni sawa, wa umbo la kengele. Ukichora mikunjo hiyo miwili, inapishana kwa asilimia 88. Ukimchukua mtu mmoja wa A na mmoja wa B huwezi kubahatisha vizuri nani ni nani. Sasa nenda kwenye ncha, kwa wale waliovuka mkengeuko 2.5 juu ya wastani wa A. Katika A ni watu 6 kwa kila 1,000. Katika B ni 14. Zaidi ya mara mbili!

Mtu anayetazama ncha peke yake anasema: "Wakali wengi ni wa B." Ni kweli. Halafu anageuza sentensi: "Watu wa B wengi ni wakali." Hapo ameanguka, kwa sababu watu 986 kati ya 1,000 wa B hawako kwenye ncha. Kosa lote liko katika kugeuza sentensi. Mkiliona mahali popote, hata kwenye bunge lolote, lisahihisheni palepale: uliza idadi ya chini ya mstari wa sehemu, yaani jumla ya kundi, siyo ya juu peke yake.

Mtaa wa Kiambu #18
Mwalimu, naelewa. Lakini umedhania kila mtu yuko kivyake. Wakali hawako kivyake. Wana pesa, magari, watu wa kuwakodisha na wakili wa kuwatoa rumande. Ncha iliyopangwa ina nguvu kuliko katikati isiyopangwa.

Mwalimu wa Mtawanyiko #19
Kweli kabisa, na umbo la kengele halisemi lolote kuhusu nani analipia magari. Ndiyo maana siwezi kusema maelezo yangu yanatosha. Yanaeleza kosa la mtazamaji. Hayaelezi nguvu ya mkali.

Simu ya Kwanza #20
Kuna tofauti ya kitaalamu ambayo haijatajwa humu: maneno makali na maneno hatari si kitu kimoja. Mtafiti Susan Benesch anapima mambo matano: msemaji ana ushawishi gani, wasikilizaji wana hofu gani, maneno yenyewe yanasemaje, mazingira ya kijamii na kihistoria yakoje, na njia ya kuyafikisha ni ipi. Tusi la kijana asiye na wafuasi linaweza kuwa chafu sana na lisiwe hatari. Sentensi ya upole ya mzee anayesikilizwa, siku mbili kabla ya kura, mahali palipowahi kuchomwa, inaweza kuwa hatari sana.

Mradi wa Umati wa Kenya ulitumia mfumo huo kuanzia 2012 kuelekea uchaguzi wa Machi 2013. Wasomaji wao walisoma Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Kijaluo, Kikalenjin, Kiluhya, Kisomali na Kiingereza, kwa jicho, kila siku. Walipanga maneno katika ngazi tatu: ya kuudhi, ya hatari ya wastani, na ya hatari kubwa. Takriban asilimia 90 ya waliyoyakusanya yalitoka Facebook, asilimia 3 tu Twitter. Sababu mojawapo waliyoitaja: Twitter kila mtu anakuona, na Wakenya walikuwa wanambana hadharani anayechochea mpaka anafuta au anaomba radhi. Ndani ya grupu la Facebook hakuna wa kumbana.

Pweza Mkavu #21
Kwa hiyo Kiambu amejibiwa kuhusu kimya. Pale ambapo wengi hawakunyamaza, mkali alirudi nyuma.

Mtaa wa Kiambu #22
Nimejibiwa nusu. Kumbana mtu kwa simu ni rahisi. Kumbana aliyesimama mlangoni kwako na panga ni kitu kingine.

Mkokotoni Data #23
Kuhusu kimya, kuna utafiti wa Rwanda unaofaa hapa. Elizabeth Levy Paluck, 2009, alipima kwa mwaka mzima mchezo wa redio wa maridhiano. Vikundi vingine vilisikiliza mchezo huo, vingine vikasikiliza mchezo wa afya. Imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walichodhani kwamba wengine wanakiona sawa, na namna walivyojadiliana na kupingana wazi. Yaani mtu hubaki na moyo wake uleule, ila akijua jirani naye hapendi ukatili, anapata ujasiri wa kusema. Hilo linaweka maelezo ya sita mezani: wengi wananyamaza kwa sababu kila mmoja anadhani yuko peke yake, na mkali anaonekana msemaji kwa kuwa nafasi iko wazi.

Kipimajoto #24
Na hili lina ushahidi wa Marekani pia. Mernyk na wenzake, 2022: Wamarekani walikadiria uungaji mkono wa vurugu miongoni mwa wapinzani wao kwa kuzidisha asilimia 245 hadi 442. Walipoonyeshwa namba halisi, na wao wenyewe wakapunguza kuunga mkono vurugu, na athari ilionekana hadi siku 26 baadaye.

Mtaa wa Kiambu #25
Siku 26. Kampeni ni miezi.

Simu ya Kwanza #26
Na si kila dawa inatibu. Chris Bail na wenzake, 2018, waliwalipa watumiaji wa Twitter wafuate kwa mwezi mmoja akaunti iliyosambaza maneno ya viongozi wa upande wa pili. Warepublikani walitoka wakiwa wahafidhina zaidi. Wademokrati hawakubadilika kwa kiwango kinachoaminika kitakwimu. Kwa hiyo ushauri wa "fuata tu watu wa upande mwingine" unaweza kuharibu, kwa sababu watakaokufikia ni walewale wakali wa hesabu ya Fundi pale #4.

Mkutano wa ana kwa ana nao una masharti. Allport aliyaandika mwaka 1954: watu wawe na hadhi sawa mle ndani, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na mamlaka iunge mkono. Ondoa moja kati ya hayo na mnaweza kutoka mkichukiana zaidi. Warsha nyingi za amani zinaanguka kwenye sharti la kwanza: upande mmoja umekuja na DC na gari la serikali, mwingine umekuja na daladala.

Dada wa Mikrofoni #27
Hapo kwenye gari umegusa penyewe.

Mzee wa Gazeti #28
Nirudi kwenye kura, kwa sababu namba za kura haziandikwi na wakali. Kenya 2022: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Waliojiandikisha walikuwa 22,120,458, waliopiga kura kama milioni 14.3. Kwa hiyo takriban milioni 7.8 hawakwenda kabisa, zaidi ya kura za mshindi. Kundi kubwa kuliko yote halina kofia wala wimbo, na hakuna anayelihoji.

Kisha ile imani ya "jamii moja, kura moja". Bungoma na Kakamega ni kaunti majirani, zote ngome za Waluhya. Bungoma alishinda Ruto, Kakamega alishinda Raila. Na kaunti ya Kiambu, Raila alipata takriban robo ya kura.

Mtaa wa Kiambu #29
Mzee, shikamoo. Robo ya Kiambu ni kweli. Lakini ile robo ilijificha! Ulizia mabango. Hilo ndilo nalisema tangu #11.

Mzee wa Gazeti #30
Marahaba. Kujificha kwao ni hoja ya Mkokotoni pale #23, siyo ushahidi kwamba hawapo.

Bi Mosi wa Chake #31
Katiba ya Kenya inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Nadhani kanuni ya namna hii inamlazimisha mgombea awafunge midomo wakali wake, maana wanampotezea kaunti. Zanzibar kabla ya 2010 hapakuwa na cha kumlazimisha mtu. Kura moja zaidi, unachukua vyote.

Mkokotoni Data #32
Kanuni ya kaunti inamlazimisha awe na marafiki kaunti 24. Haimlazimishi awe mstaarabu kwa zile 23 zilizobaki.

Grupu Letu #33
Salaam wote. Naona nadharia zimetosha kiasi, niweke ya kazi kwa wanaosimamia magrupu ya WhatsApp ya mtaa, ukoo au wafanyabiashara, maana huko ndiko mambo yanakoharibikia.

Klipu ikiingia, usiijadili kwanza. Tazama kama ina mishale miwili na maandishi kwamba imesambazwa mara nyingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unapelekwa kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati, kwa hiyo ukiona umefika kwako ujue watu wengi wamekaa kuupeleka mmojammoja. Simamisha video mahali penye sura au jengo linaloonekana vizuri, piga picha ya skrini, itafute kwenye utafutaji wa picha. Klipu nyingi za uchaguzi ni za mwaka mwingine au nchi nyingine. Halafu tafuta hotuba nzima na usikilize dakika mbili kabla na dakika mbili baada ya kile kipande. Mara nyingi msemaji alikuwa ananukuu maneno ya mwingine ili ayapinge.

Kanuni moja niliyoiona inafanya kazi kuliko "siasa marufuku": hakuna kutaja kundi bila kutaja mtu. Ukitaka kuandika "CHADEMA wanasema", andika nani, lini, wapi. "Wasukuma", "Wakikuyu", "Wapemba" mwanzoni mwa sentensi inayolaumu: ujumbe unafutwa, mwandishi anaelezwa faraghani. "Siasa marufuku" inashindwa kwa sababu wapole wanaitii na wakali wanaivunja. Ukikagua mwezi mmoja utakuta siasa iliyobaki ni ya wakali peke yao.

Pweza Mkavu #34
Hiyo sentensi ya mwisho naibandika ukutani. Asante.

Dada wa Mikrofoni #35
Kwa waandishi mnaotaka kunukuu "wananchi mtandaoni wamecharuka", fanyeni hivi kwanza, ni kazi ya saa mbili. Chukua maoni yote chini ya chapisho, tuseme 400. Hesabu majina tofauti; mara nyingi yanapungua sana. Panga majina kwa idadi ya maoni, ona kumi ya juu yameandika asilimia ngapi. Kisha chota jina moja moja kwa bahati nasibu, oni moja kwa kila jina, na uyapange katika makundi manne: matusi, lawama yenye hoja, swali, mengineyo. Watu wawili wapange kila mmoja peke yake, na 50 kati ya hayo yawe ya wote wawili. Wakitofautiana kwenye zaidi ya 10 kati ya 50, maelezo ya makundi ni mabovu, yaandikeni upya.

Fundi Takwimu #36
Safi, ila onya kuhusu ukubwa. Sampuli ya 100 ina kosa la kama pointi 10 kila upande, 200 kama 7, 400 kama 5, 1,000 kama 3. Na hata ukifanya vizuri, umewapima waliotoa maoni. Wananchi ni watu wengine.

Mtaa wa Kiambu #37
Basi tupimeni hao wananchi. Kipimajoto umeleta data ya Marekani tu, na Marekani vyama viwili vimekaa miaka zaidi ya 150. Kwetu chama kinazaliwa Januari na kinavunjwa baada ya uchaguzi. Utafiti wa kwetu ungeonekanaje?

Fundi Takwimu #38
Maswali matatu kwa kila kauli. Moja: wewe unaikubali? Mbili: kati ya watu 10 wa upande ule, wangapi wangeikubali? Tatu: kati ya 10 wa upande wako? Pengo ni wastani wa jibu la pili ukitoa majibu halisi ya swali la kwanza kutoka upande ule. Watu 400 kila upande, na nusu ya wahojiwa waanze na swali la pili, kwa sababu ukimuuliza mtu msimamo wake kwanza anaupamba.

Tumia "kati ya 10", usitumie asilimia.

Mkokotoni Data #39
Kuna shida ya hofu. Afrobarometer, wanaopima maoni ya wananchi Afrika, huwauliza wahojiwa mwishoni wanadhani nani amewatuma wahoji, na wapo wengi wanaosema serikali. Anayedhani hivyo hatakuambia ukweli kuhusu vurugu. Kwa kauli nyeti tumia orodha: nusu ya wahojiwa wape mambo manne yasiyo na madhara, nusu wape yaleyale manne na la tano lililo nyeti. Kila mtu ataje idadi tu ya anayoyakubali, asiseme yapi. Wastani wa kundi la kwanza ukiwa 2.1 na la pili 2.3, tofauti ya 0.2 inakupa asilimia 20 wanaokubali lile nyeti. Gharama yake ni sampuli kubwa: 400 haitatosha, anza na 1,500.

Bi Mosi wa Chake #40
Na msiandike "upande ule" kwa jina la chama huku kwetu. Mtu wa Pemba aliyekuwa CUF hadi 2019 na ACT-Wazalendo tangu hapo atawajibu nini? Mwulizeni alimpigia nani mara ya mwisho, kisha mjenge upande kutoka hapo.

Mtaa wa Kiambu #41
Ongezeni swali la nne: "Mtu wa upande wako akitishia jirani wa upande ule, utafanya nini?" Na majibu yawe vitendo: kuita polisi, kumwita mzee wa mtaa, kumficha jirani ndani, kukaa kimya. Hilo ndilo nitakalolisoma kwanza.

Fundi Takwimu #42
Limeingia, ila liulizwe la mwisho, la sivyo litaharibu majibu ya yale matatu. Na liwe na nakala mbili: nusu waulizwe watafanya nini wao, nusu waulizwe majirani zao wangefanya nini. Hapo hoja yako ya #11 na ya Mkokotoni ya #23 zitapimana zenyewe.